Kwenda uzinduzi wa filamu Dar na kukutana na msanii unayempenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye genge letu la Sinza mimi ndiye ninayekusanya hela za tiketi. Filamu mpya ikitangazwa tu, simu inaanza: tunaingiaje, tunavaa nini, fulani atakuwepo kweli, nikimwona nimwambie nini? Nimechoka kurekodi majibu yaleyale kwenye WhatsApp kila mwezi, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote. Ukiona swali lako limejibiwa kwa mkato, angalia la jirani yake.

## Ya mwanzo

Uzinduzi na onyesho la kawaida vinatofautiana nini?

Onyesho la kawaida ni lile la kila siku: unanunua tiketi, unatazama, unaondoka. Msanii hayupo, labda umbahatishe amekuja kutazama kama wewe. Uzinduzi, ambao wengi wanauita primia, ni usiku ambao filamu inatambulishwa rasmi. Waigizaji wanakuja, mwongozaji anakuja, kuna zulia jekundu, kuna bango kubwa la kupigia picha, na kuna mshereheshaji mwenye maneno mengi kuliko filamu yenyewe.

Kuna aina ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: onyesho dogo lenye mazungumzo. Watu hamsini hivi wanatazama filamu, taa zinawashwa, mwongozaji na mwigizaji mmoja au wawili wanakaa mbele na kuulizwa maswali. Ukitaka kumwona staa amependeza, nenda uzinduzi. Ukitaka kuongea naye, nenda huko kwenye watu hamsini.

Hapa Dar filamu zinaonyeshwa wapi?

Ukumbi unaojulikana zaidi ni ule wa Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma, na nimeshahudhuria uzinduzi kadhaa pale. Maonyesho yenye mazungumzo yatafute Alliance Française, Upanga, kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Goethe-Institut, nayo iko Upanga. Na Nafasi Art Space kule Mikocheni. Mara nyingi hayana kiingilio. Utakuta filamu fupi, filamu za hali halisi, na kazi za vijana ambazo bado hazijapata mtu wa kuzisambaza.

Halafu kuna kibanda umiza. Staa humkuti huko, lakini ndiko tulikoanzia wengi wetu: mabenchi, televisheni moja, feni moja inayozunguka kwa kusuasua, na sauti ya mtu anayetafsiri filamu ya Kichina huku akiwapa wahusika majina ya mtaani. Mtu aliyelelewa kibanda umiza hawezi kukaa kimya sinema, jambo linaloleta swali lake huko mbele.

Wazee wanasema sinema za zamani zilikuwa bora. Ni kweli?

Mama yangu akianza kuhesabu, haishii njiani: Avalon, Empire, Empress, Odeon. Halafu anafika Drive-In ya Msasani, ambako watu waliingia na magari na kutazama humohumo. Pale ndipo ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Anasema Jumapili mtu alivaa kama anakwenda harusini, akakaa kwenye filamu ya Kihindi akilia mpaka leso inalowa, akatoka nje ameridhika. Kuhusu ubora wa picha naweza kubishana naye. Kuhusu kuvaa, ana hoja.

Nitajuaje kama msanii atakuwepo kweli?

Sura kwenye bango haimaanishi atakuja. Nenda kwenye ukurasa wake mwenyewe wa Instagram, achana na wa waandaaji. Akiweka tarehe na ukumbi, na siku yenyewe mchana akajirekodi yuko saluni, huyo anakuja. Tangazo likisema "mastaa kibao watakuwepo" bila jina hata moja, hesabu kwamba hayupo hata mmoja.

Hili nimelilipia. Tuliwahi kununua tiketi za VIP watu watano kwa ajili ya sura moja tu iliyojaa bango zima. Tumefika, tunaambiwa yuko safarini ila atatusalimia kwa simu ya video. Tukaisubiri hiyo simu mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Tiketi zinapatikanaje, na nitenge kiasi gani?

Unalipia kwa simu au dirishani siku hiyohiyo; uzinduzi mwingine ni wa mwaliko tu. Ukilipia kwa simu, angalia jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama ni jina la mtu binafsi badala ya la ukumbi au la kampuni, piga kwanza uulize.

Bei inategemea ukumbi, siku na kiti, kwa hiyo sikutajii. Ninachoweza kukwambia ni kwamba tiketi ndiyo hesabu rahisi. Kinachomaliza hela ni bisi, soda, bajaji ya kurudi na chakula cha usiku. Mimi hutenga kiasi cha tiketi mara mbili, na bado huwa nakopa.

## Kwenda na genge

Twende wangapi?

Wanne ni sawa, sita ni mwisho. Wanne wanaenea gari moja na viti vinne vya pamoja vinapatikana. Mkizidi sita hiyo ni harusi: mmoja yuko foleni ya bisi, mwingine chooni, mwingine anapiga simu kutoka Ubungo akisema "nipo hapa karibu." Msanii anapita, nyie mnahesabiana.

Nani ashike hela?

Mtu mmoja, siku tatu kabla. Asiyetuma hana kiti. Kauli ya "nitakurushia nikifika" imenivunjia urafiki mmoja na kuyumbisha mwingine, na wote wawili bado nawadai.

Kadi imeandikwa saa 12 jioni. Filamu inaanza saa ngapi?

Saa 12 ni ya kufungua milango na kutandika zulia. Waigizaji wakubwa huanza kushuka kwenye magari kuanzia saa 1 na nusu, mahojiano yanafuata, na nimewahi kuona filamu ikianza saa 3 kasoro. Lakini usijifanye mjanja ukaenda saa 3, maana viti vizuri vinakwisha mapema, na siku utakayochelewa ndiyo siku watakayoanza kwa wakati. Sisi tunafika saa 12 na nusu tukiwa tumeshakula.

Jambo dogo linaloliza watu: kadi nyingine huandikwa 6:00, kwa saa za Kizungu. Tuna mwenzetu alisoma "sita" akajua ni saa 6 usiku, akasema hawezi kutoka nyumbani muda huo, akalala. Asubuhi alikuta picha zetu.

Tuvae nini?

Soma kadi, kama kuna rangi au mtindo umetajwa, fuata. Kama hakuna, vaa kama unakwenda sendofu ya mtu unayemheshimu. Kitenge kilichoshonwa vizuri hakijawahi kukosea. Viatu viwe ambavyo unaweza kusimama navyo saa mbili, kwa sababu utasimama. Na beba mtandio au koti, hata kama nje ni joto la Januari. Viyoyozi vya sinema havina huruma, na mtu anayetetemeka hafuatilii filamu.

Mmoja wetu hapendi Bongo Movie na atatuharibia. Tumwache?

Mbebeni. Mtu wa namna hiyo ndiye hukaa kimya dakika ishirini za kwanza, kisha anaegemea mbele na kuuliza, "Huyu dada ni nani?" Mkataze jambo moja tu: asikosoe kwa sauti wakati mama wa mwigizaji amekaa safu ya nyuma yenu. Kwenye uzinduzi, mama wa mwigizaji yuko safu ya nyuma yenu siku zote.

## Ndani ya ukumbi

Naruhusiwa kupiga kelele?

Kwenye uzinduzi, ndiyo, kwa kiasi chake. Watu wanashangilia msanii wao akitokea, wanamwonya mhusika asifungue mlango, wanamzomea mume mwongo. Nimewahi kumwona mwongozaji amesimama pembeni gizani akitazama watu badala ya filamu. Waliposhtuka alipotaka washtuke, alishika kichwa akacheka peke yake. Kelele hiyo ndiyo malipo yake ya kwanza.

Kwenye onyesho la kawaida, au kule kwa watu hamsini, tulia. Na kupokea simu ukajibu "niko sinema, ongea haraka" hakuruhusiwi popote.

Naweza kurekodi kipande kidogo niweke status?

Rekodi zulia, rekodi ukumbi kabla taa hazijazimwa, jirekodi na bisi zako. Filamu ikianza, weka simu mfukoni. Kazi hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na baunsa hahitaji kuijua sheria yenyewe ili akutoe nje. Zaidi ya sheria, fikiria hivi: unakwenda kumwambia msanii unampenda huku simu yako imebeba dakika kumi za jasho lake ulizoziiba.

Naweza kwenda na mtoto?

Angalia daraja la umri kwenye tangazo. Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kuzipanga kwa umri kabla hazijaonyeshwa, kwa mamlaka ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Hata kama daraja linaruhusu, uzinduzi ni wa usiku na ni mrefu. Mtoto atalala kabla jina la filamu halijatokea, nawe utambeba mpaka nyumbani.

Vipi kuhusu sala ya Magharibi?

Muda wa zulia jekundu unaangukia hapohapo. Wenzetu wanaosali hutoka kwa zamu na mmoja wetu hulinda viti. Uliza walinzi wa jengo mahali pa kusalia mapema ukifika. Ukisubiri adhana, foleni itakuwa imekuzunguka. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu kwanza kisha tunakwenda onyesho la saa 3, na uzinduzi tunausubiri baada ya Idi.

## Kumkuta msanii

Nisimame wapi?

Si kwenye zulia. Pale yuko kazini: kamera kumi, maikrofoni kumi, meneja anamvuta mkono, mtu wa nguo anamrekebisha gauni. Akikutazama, hakuoni.

Subiri baada ya filamu. Watu wengi hukimbilia maegesho, nusu ya kamera zimeshaondoka, na wasanii hubaki kwenye korido wakipongezana. Simama karibu na mlango wa ukumbi, si mlango wa jengo. Ameshatazamwa, ameshapigiwa makofi, mabega yameshuka. Ndiyo saa yake nzuri.

Nimwamkie vipi? Shikamoo au mambo?

Umri kwanza, umaarufu baadaye. Kama ni mtu wa rika la wazazi wako, ni shikamoo, hata kama kwenye filamu amecheza muhuni anayevaa cheni. Wasanii wazee wanaipokea kwa furaha: umewaona kama watu wazima kabla ya kuwaona kama picha. Kama ni wa rika lako, "habari yako, kaka" au "dada" inatosha.

Ugumu uko kwa dada wa miaka arobaini na kidogo aliyependeza sana usiku ule. Mdogo wetu mmoja alimpiga shikamoo mwigizaji wa namna hiyo, kwa sauti, mbele ya watu. Aliitikia marahaba, lakini marahaba yenyewe ilikuwa na baridi kuliko ukumbi. Ukiwa na shaka, sema "habari za jioni," halafu acha yeye achague.

Nimwite jina lake au la kwenye tamthilia?

Lake. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na tunalifanya kwa mapenzi.

Tulimkuta mama mmoja ambaye kwenye tamthilia anacheza mama mkwe katili, yule wa kumnyima mkwe chumvi. Mwenzetu akapaza sauti akamwita kwa jina la yule mama mkwe, akaongezea na matusi yake anayoyatumia. Mama akageuka. Tabasamu lilikuja, lakini lilichelewa kidogo, kama taa ya umeme hafifu. Akasema, "Huyo nimemwacha lokesheni, mwanangu." Baadaye alituambia kwamba kuna duka mtaani kwake hakuuziwa unga wiki nzima, kwa jinsi muuzaji alivyomchukia yule mama mkwe. Alilisimulia akicheka. Alituambia pia kwamba siku hizi anamtuma mjukuu.

Nimwambie nini?

Mtajie kitu kimoja alichokifanya. "Nakupenda sana" anaambiwa na kila mtu, na jibu lake amelikariri: "Asante sana, endelea kunisapoti." Mkishafika hapo mmemaliza.

Nitoe mfano wangu. Kuna mwigizaji mzee niliyekua nikimtazama kwenye televisheni, enzi tunakaa watoto kumi na mbili sebuleni kwa jirani mwenye umeme. Kwenye filamu moja mlango unagongwa, na yeye anajua habari inayokuja: mwanawe amefariki. Hakimbilii kufungua. Kwanza anachukua shati la kijana lililokuwa kwenye kiti, analikunja, analiweka, kisha ndipo anakwenda mlangoni. Miaka yote hiyo sijalisahau lile shati.

Nilipomkuta koridoni nilimwamkia, akaitikia akiwa tayari anageuka kwenda kwa mwingine. Nikasema, "Mzee, lile shati ulilolikunja kabla hujafungua mlango." Akasimama. Akanitazama kama ananitafuta kwenye ukoo wake. Kisha akanipa chupa yake ya maji nimshikie, akaanza kukunja hewani: kola akaigeuzia ndani, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akapigapiga juu kwa kiganja mara mbili kama analilaza. Akasema walimtaka alie, naye machozi hayakuja siku ile, ndipo akaliona shati la kijana wa taa liko kwenye kiti. "Mama yangu alikunja hivi," akasema. Akachukua maji yake, akaenda.

Hazikufika dakika mbili. Hatuna hata picha moja, kwa sababu wote watatu tuliokuwa pale tulikuwa tunatazama mikono yake.

Na nikitaka picha?

Omba kwa maneno kabla hujainua simu, na mpe simu mwenzako apige. Selfi inamlazimu akuegemee na inamchosha. Picha moja ya genge zima ni bora kuliko picha sita za mtu mmojammoja. Kamera iwe imeshafunguliwa, kioo cha lenzi kimefutwa na nafasi ya kumbukumbu ipo. Rafiki yangu alisimama na msanii anayempenda tangu shule ya msingi, wote wawili wametabasamu, simu ikaandika kwamba imejaa. Tukaanza kufuta video za kikao cha harusi huku msanii amesubiri, mkono begani. Alisubiri mpaka ya tatu, akaomba radhi, akaondoka.

Usimguse kiunoni, iwe mwanamume au mwanamke. Mkono uwe begani, tena kama yeye ameanza.

Nimepata kigugumizi nikasahau kila kitu. Nimejiaibisha?

Hapana. Wamezoea. Mwingine akikuona unatetemeka atakushika mkono mwenyewe na kukuuliza umetokea wapi. Jibu hilohilo, "Mbagala," linatosha kufungua maongezi, kwa sababu naye ana shangazi Mbagala.

Filamu imekuwa mbaya na yeye ananiuliza nimeionaje. Niseme nini?

Usiseme uongo wa "kali sana". Anaijua sauti yake. Tafuta kipande kimoja kilichokugusa, hata kama ni kimoja tu, ukitaje kama nilivyoeleza kwenye swali la cha kumwambia. Ukikosa kabisa, mpongeze kwa kazi na umuulize walipiga wapi. Kila mwigizaji ana kisa cha lokesheni: mvua, jenereta, mbuzi aliyeingia kwenye picha. Mtamaliza mkicheka na hukudanganya. Ukosoaji wenyewe una mahali pake, kesho yake, ukiwa umelala.

Naruhusiwa kumtunza?

Kwenye taarab mtu akikuna nyoyo unanyanyuka, unacheza, unamtunza. Kwenye uzinduzi wa filamu haijazoeleka, na noti zilizobandikwa usoni mbele ya kamera zinaweza kumfadhaisha. Ila niliwahi kumwona bibi mmoja akimwekea mwigizaji kijana elfu tano kiganjani na kukifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili, bila neno. Kijana akainama. Kama una umri wa bibi yule, sheria hii haikuhusu.

Maua madogo au barua fupi ni salama kwa wengine wote. Chakula ulichopika usimpe. Hatakila, na hatajua namna ya kukwambia.

Na mimi nataka kuigiza. Si ndiyo nafasi yangu?

Kwa dakika mbili za korido, hapana. Usimpe skripti, usimwigizie kipande, usiombe namba yake. Muulize swali moja tu: "Usaili mnautangazia wapi?" Mara nyingi atakutajia ukurasa au atakuonyesha kwa kidole mtu aliyesimama pembeni, ambaye ndiye mwenye kazi hiyo. Huyo wa pembeni, asiyepigwa picha na mtu, ndiye wa kuzungumza naye usiku huo.

Na akitokea mtu anakwambia ulipie kwanza ili upewe nafasi, au mkutane hotelini "kwa ajili ya usaili," hapo hakuna filamu.

Amenipita bila kunijibu. Ana dharau?

Huenda. Huenda pia tangu asubuhi hajala, viatu vinambana, na ameambiwa gari linaondoka. Mpe mara mbili. Akikupita mara ya tatu, endelea kupenda kazi yake ukiwa kwako.

## Ya pembeni

Mimi ni dada, na mtu wa timu ya msanii ananialika "tuendelee mahali." Niende?

Nenda na genge au usiende. Ukialikwa peke yako na wenzako wakaambiwa nafasi hazipo, hilo ni jibu tosha. Anayekualika kwa nia njema hatakasirika ukisema umekuja na ndugu zako.

Nimemkuta sokoni, hospitali au msibani. Nimsogelee?

Sokoni, msalimie kama unavyomsalimia mteja mwenzako, mwache achague nyanya. Hospitali, usimwone. Nasema hivyo makusudi: geuza macho.

Msibani ndiko tunakokosea zaidi. Wanaokumbuka Aprili 2012, tulipomuaga mwigizaji Steven Kanumba pale viwanja vya Leaders na kumzika Kinondoni, wanakumbuka umati ule, na wanakumbuka pia watu waliokuwa wakiinua simu kila msanii mwenzake aliyelia alipopita. Mtu aliyefiwa ni mfiwa. Mpe pole kama uko karibu, kisha kaa kwenye mkeka.

Mwenzangu wa nyumbani ana wivu na huyo msanii. Nifanyeje?

Mchukue muende wote. Kwa uzoefu wangu, yeye ndiye atakayerudi na picha nyingi zaidi.

Kuna haja ya kuvuka kwenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar?

Kama mfuko unaruhusu, vuka mara moja maishani. Boti ya haraka inachukua kama saa mbili mpaka Zanzibar, na filamu za usiku zimekuwa zikionyeshwa Ngome Kongwe, uani, mbingu juu. Wasanii wanatembea Forodhani wakila kama wewe, kwa hiyo mambo ya zulia na korido yanapungua sana. Panga malazi mapema. Tarehe zikitangazwa vyumba vya bei ya kawaida vinapotea.

Tunarudije usiku?

Uzinduzi ukiisha saa 5 au 6, usitegemee daladala wala mwendokasi. Kubalianeni na dereva wa kuwarudisha kabla hamjaingia, au itisheni gari kwa simu mkiwa bado ndani kwenye mwanga, betri ikiwa na chaji. Anayekaa mbali zaidi ashushwe wa kwanza kama upande huo anakwenda peke yake. Kila mtu aandike "nimefika" kwenye grupu, hata kama ana usingizi.

Na chips za Mwenge analipa nani?

Aliyepata picha na msanii. Kama wote mmepata, aliyetoka amefumba macho amesamehewa.